Kupunguza uzito kwa kasi salama: jinsi ya kuipanga, kuipima na kuirekebisha

Wengi wanaoamua kupunguza uzito huchagua tarehe kwanza, njia baadaye. Kuna sherehe imekaribia, au majibu ya vipimo yamewashtua, basi mtu anajipangia: kilo 15 ndani ya miezi miwili. Tarehe ikishatangulia, mengine yote yanalazimishwa kuifuata, na anayeumia ni mwili. Hapa tutaanzia upande wa pili. Tutatafuta kwanza kasi ambayo mwili wako unaweza kuihimili, kisha tuipangie chakula, mazoezi na namna ya kupima. Tarehe itajitokeza yenyewe.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: mtu mzima anayejipunguza bila kusimamiwa na daktari apungue kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Ndicho kiwango kinachoshauriwa na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, na NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. Lakini kilo moja haina uzito uleule kwa kila mtu. Kwa mwenye kilo 130 haifiki asilimia 1 ya mwili wake. Kwa mwenye kilo 62 inapita asilimia 1.5, na huyo tayari anakwenda mbio. Kwa hiyo tutahesabu kwa asilimia: kati ya 0.5 na 1 ya uzito wako kwa wiki. Maoni yangu ni kwamba wengi wangefanya vyema kukaa upande wa 0.5, na wapo watu wembamba kiasi ambao hata hiyo ni nyingi. Nitaonyesha kwa nini.

Wasiopaswa kuanza peke yao

Naliweka hili mbele kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia kweli.

Mjamzito si wakati wake wa kujipunguza. Kama uzito unaongezeka kuliko inavyotakiwa, alizungumze hilo kliniki. Anayenyonyesha asubiri maziwa yakae sawa, kisha aende taratibu bila kuzidi nusu kilo kwa wiki. Mtoto au kijana anayekua hapangiwi kilo kama mtu mzima. Mara nyingi lengo lake ni uzito usimame huku urefu ukiendelea, na hilo lisimamiwe na mtaalamu. Aliyewahi kupata ugonjwa wa ulaji, wa kujinyima kupita kiasi au kula kisha kujitapisha, asianze kuhesabu kalori kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya ya akili, kwa sababu hesabu zenyewe zinaweza kumrudisha alikotoka.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi, ana hatari ya pekee. Akipunguza chakula bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kushuka ghafla hadi akapoteza fahamu. Presha nayo hushuka uzito unaposhuka, hivyo dozi inayokufaa leo inaweza kuwa kubwa mno baada ya miezi michache na ukaanza kupata kizunguzungu kila unaposimama. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwambie daktari kabla hujaanza, mpange pamoja siku za kupima. Wenye ugonjwa wa figo, moyo, jongo au mawe kwenye kifuko cha nyongo nao waanzie kwa daktari, na vilevile waliovuka miaka 65, maana katika umri huo misuli na mifupa ikipotea hairudi kirahisi.

Lipo kundi la mwisho, nalo hupongezwa badala ya kuhurumiwa: wanaopungua bila kujitahidi. Uzito ukishuka kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 na hujabadilisha chochote, nenda hospitali. Kisukari ambacho hakijagunduliwa, kifua kikuu, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi na saratani, vyote vinaweza kuanza hivyo.

Hatua ya 1: Jua unapoanzia

Chukua uzito, urefu na mzunguko wa kiuno. Kiuno kipimwe kwa tepu ya kupimia nguo, katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umesimama na umeshatoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Kiuno kisichofika nusu ya urefu wako ni dalili njema. Kikivuka nusu, kuna mafuta mengi yanayozunguka viungo vya ndani, na hayo ndiyo yenye madhara zaidi.

Kisha gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hiyo ndiyo BMI. Shirika la Afya Duniani huhesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa kawaida, 25 kwenda juu uzito uliozidi, 30 kwenda juu unene uliopindukia. Ni kipimo kisichotofautisha misuli na mafuta, ndiyo maana kiuno lazima kiende nacho. Ukijikuta ndani ya kawaida kwa vyote viwili, nakusihi uache mpango wa kupunguza na ujenge nguvu badala yake.

Ukiweza, pima presha na sukari pia kabla ya kuanza. Namba hizo mara nyingi huanza kuboreka kabla kioo hakijaonyesha chochote, na utazihitaji siku utakapokata tamaa.

Hatua ya 2: Lengo la kwanza liwe dogo kuliko unavyotaka

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa kuanzia. Mwenye kilo 90 anazungumzia kilo 4.5 hadi 6.3. Najua inasikika ndogo. Lakini upungufu wa asilimia 5 hadi 10 unatosha kwa wengi kushusha presha, sukari na mafuta kwenye damu.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari cha aina ya pili waligawanywa katika makundi. Kundi lililofundishwa kubadili maisha lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani.

Angalia sasa kasi yao. Hiyo asilimia 7 walipewa wiki 24 kuifikia, yaani chini ya asilimia 0.3 kwa wiki. Walikuwa na wakufunzi wa kuwafuatilia mmoja mmoja, na bado ni nusu yao tu waliofika katika muda huo. Mtu anayejipunguza peke yake, kati ya kazi na familia, akienda kwa kasi hiyo hana sababu yoyote ya kujiona ameshindwa.

Hatua ya 3: Chagua kasi kulingana na ulichonacho

Kanuni ninayoiamini ni hii: kadiri unavyokuwa na mafuta mengi ya kupoteza, ndivyo unavyoweza kwenda haraka, kadiri unavyokaribia uzito wa kawaida, ndivyo unavyopaswa kupunguza mwendo.

Mwenye BMI ya 35 na kuendelea anaweza kuhimili asilimia 1 kwa wiki katika miezi ya mwanzo. Mwenye BMI ya 30 hadi 35 akae karibu na 0.5 au 0.7. Mwenye 25 hadi 30 asipite 0.5, na mara nyingi 0.3 itamtosha.

Kwa nini mwembamba aende polepole? Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wenye afya chakula kidogo kwa wiki 24, chini kidogo ya kalori 1,600 kwa siku, huku wakitembea sana. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Ukigawanya, ni kama asilimia 1 kwa wiki, kasi ileile ambayo wengi huiona ya kawaida. Lakini hawa hawakuwa wanene tangu mwanzo. Walisikia baridi saa zote, nguvu ziliwaishia, wakawa na huzuni na hasira, na mawazo yao yakajaa chakula kiasi kwamba baadhi walikaa wakisoma vitabu vya mapishi. Asilimia 1 iliyo salama kwa mwenye kilo 130 ni njaa halisi kwa asiye na akiba.

Juu ya kilo 1.5 kwa wiki kuna hatari nyingine inayojulikana vizuri: mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mafuta ya mwilini yanapoyeyuka haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi zaidi kwenye nyongo. Wakati huohuo mtu anakula mafuta kidogo mno, kwa hiyo kifuko hakikamuliwi kama kawaida, nyongo inakaa, inakolea, inaganda. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula, kwa mtu anayejipunguza, yasisubiri kesho.

Jambo moja lisemwe kwa haki. Watu husema anayepungua haraka lazima arudishe na anayepungua polepole harudishi. Utafiti wa Melbourne uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa watu 204 njia mbili, wiki 12 za kasi au wiki 36 za taratibu. Waliofikia lengo katika makundi yote mawili walirudisha kiasi kilekile baadaye: takriban asilimia 71 ya kilo walizopoteza, katika kipindi cha karibu miaka mitatu. Kwa hiyo sikushauri mwendo wa polepole kwa ahadi kwamba uzito hautarudi. Nakushauri kwa sababu nyingine: waliokwenda haraka walikuwa chini ya wataalamu, wakipewa vyakula maalumu vilivyopimwa virutubisho. Nyumbani huna hivyo. Mwendo wa polepole ndio unaoruhusu makosa madogo bila kuugua, na unakupa muda wa kujifunza kula utakavyoendelea kula.

Hatua ya 4: Igeuze kasi kuwa chakula

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili kupungua nusu kilo kwa wiki unahitaji upungufu wa kama kalori 550 kwa siku.

Kwanza kadiria unachotumia. Kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 ni rahisi: zidisha uzito wa kilo kwa 10, ongeza urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Jibu ni kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umelala tu. Lizidishe kwa 1.2 kama unakaa muda mwingi wa siku, au 1.375 kama unatembea na kufanya shughuli nyepesi. Ukisitasita kati ya mbili, chukua ndogo, kwa sababu karibu kila mtu hujikadiria shughuli nyingi kuliko anazofanya.

Tuchukue mwanamke wa miaka 40, kilo 90, sentimita 165. Anapata 900 + 1,031 − 200 − 161, sawa na 1,570. Akizidisha kwa 1.375 anafika karibu 2,160. Akitoa 500 anabaki na 1,660, na kwa makaratasi atapungua kilo 0.45 kwa wiki, ambayo ni asilimia 0.5 kamili ya uzito wake. Mpango mzuri.

Sasa mwanamke wa miaka 50, kilo 62, sentimita 155, anayekaa ofisini. Hesabu yake inaishia karibu 1,410 kwa siku nzima. Akitoa 500 kama mwenzake anabaki na 910, na hapo hawezi kupata madini, vitamini na protini za kutosha hata akichagua vipi. Chini ya kalori 1,200 kwa mwanamke na 1,500 kwa mwanamume usiende bila daktari. Chini ya 800 ni matibabu, si mlo wa kujipangia. Huyu atoe 200, apungue chini kidogo ya kilo 0.2 kwa wiki, na aongeze kutembea. Kama rafiki yake amepungua kilo 4 na yeye 1.5, wote wawili wanakwenda sawa.

Hizo kalori 500 zinatoka wapi? Anza na vinywaji vyenye sukari na pombe, kwa sababu vinaingiza kalori bila kushibisha. Kisha angalia mafuta ya kupikia. Fanya jaribio hili mara moja: mimina mafuta kwenye sufuria kama unavyomimina siku zote, na kabla ya kuwasha moto, yateke kwa kijiko kikubwa cha chakula kimoja baada ya kingine ukihesabu. Kila kijiko ni karibu kalori 120. Ukikuta vinne, hiyo ni 480 kabla hata chakula hakijaingia. Kama sufuria ni ya watu wanne, kila mmoja anapata 120, na kupunguza nusu hakutabadili ladha kwa kiasi cha kulalamikiwa. Kama unapika chako peke yako, umeipata karibu nafasi yote uliyokuwa unaitafuta.

Baada ya hapo jaza nusu ya sahani mboga za majani na nyinginezo zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo wanga. Usifute kundi lolote la chakula. Mlo unaokukataza kitu unachokipenda maisha yote hautamaliza mwezi wa tatu.

Hatua ya 5: Hakikisha kinachopotea ni mafuta

Mizani haijui tofauti. Kwa kawaida sehemu ya kilo unazopoteza, mara nyingi karibu robo, si mafuta bali misuli na tishu nyingine, na sehemu hiyo hukua ukijinyima sana au usipofanya mazoezi ya nguvu.

Dawa yake ni mbili. Kula protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga, isipokuwa figo zako zina shida. Anayelenga kilo 75 anahitaji angalau gramu 90 kwa siku. Yai moja lina kama 6, gramu 100 za samaki au kuku aliyepikwa kama 25, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama 15. Zigawe katika milo yote, usizirundike usiku.

Ya pili ni mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma mwili kutoka ukutani au sakafuni, kuvuta na kunyanyua vizito. Ongeza kutembea hadi ufike dakika 150 kwa wiki. Usitegemee kutembea peke yake kukupunguza. Mwenye kilo 90 akitembea kilomita 5 anatumia kalori 200 hadi 250 juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa, na kinywaji kimoja kikubwa chenye sukari kinazirudisha. Faida kubwa ya mazoezi iko kwenye moyo, misuli, usingizi, na baadaye kwenye kuushikilia uzito mpya. Lala saa 7 au zaidi. Usingizi mfupi huongeza njaa, na hakuna mpango wa chakula unaoshindana na njaa ya mtu aliyekesha.

Hatua ya 6: Pima kwa wastani, si kwa siku moja

Wiki ya kwanza itakudanganya. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500, na kila gramu hushikana na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula, akiba hiyo hupungua na maji yake hutoka. Ndiyo maana mtu hupoteza kilo 2 kwa siku saba, akafurahi, kisha wiki ya tatu anapoteza gramu 300 na kudhani mwili umegoma. Usihesabu kasi yako kabla ya wiki mbili za mwanzo kupita.

Jipime asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, kwenye mizani ileile iliyokaa sakafu ngumu. Andika kila siku, kisha tafuta wastani wa wiki. Angalia mfano huu:

Wiki ya 3: 88.9, 88.4, 88.7, 89.5, 89.1, 88.6, 88.3. Wastani 88.8.
Wiki ya 4: 88.5, 88.6, 88.0, 88.2, 88.8, 88.1, 87.9. Wastani 88.3.

Huyu amepungua nusu kilo, sawasawa na mpango. Lakini kama angejipima Jumatatu ya kwanza na Ijumaa ya pili tu, angeona 88.9 na 88.8, akasema siku kumi na moja zimepotea bure. Na ile Alhamisi ya 89.5? Imepanda gramu 800 kwa usiku mmoja. Ili ziwe mafuta angelazimika kula zaidi ya kalori 6,000 juu ya mahitaji yake. Ni maji: mlo wenye chumvi nyingi, mazoezi mapya, tumbo lililofunga, au siku za mwezi kukaribia. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki na wiki inayolingana nayo katika mzunguko uliopita.

Kama kujipima kila siku kunakuharibia siku, pima mara moja kwa wiki na ongeza kiuno kila baada ya wiki mbili. Amani ya moyo nayo ni sehemu ya mpango.

Hatua ya 7: Tarajia mwendo kupungua

Ningependa kila anayeanza ailewe sehemu hii kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojilaumu bure.

Mwaka 1958 daktari Max Wishnofsky alieneza kanuni kwamba upungufu wa kalori 3,500 ni pauni moja, karibu nusu kilo. Watu wakaichukua na kuizidisha kwa wiki 52. Kwa kanuni hiyo, anayetoa kalori 500 kila siku angepoteza karibu kilo 24 kwa mwaka. Mwili haufuati hesabu hiyo. Ukipungua, mwili mdogo hutumia nishati kidogo, unatembea ukiwa umebeba uzito mdogo, na kimetaboliki, yaani kasi ya mwili kuchoma nishati, nayo hujibana kidogo zaidi. Mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha mwaka 2011 makadirio yaliyo karibu zaidi na ukweli: kila kalori 24 unazopunguza kwa siku na kuendelea hivyo, hatimaye huondoa kilo moja. Nusu ya upungufu wote hutokea katika mwaka wa kwanza, na karibu wote ndani ya miaka mitatu.

Kwa hiyo kalori 500 kwa siku zinakupa kama kilo 21 mwishowe, na kati ya hizo, kilo 10 au 11 mwaka wa kwanza. Kilo 10, si 24. Aliyeahidiwa 24 akapata 10 anajiona hana nidhamu, kumbe amefanya kila kitu sawa.

Hata dawa mpya zenye nguvu haziruki ukweli huu. Utafiti wa sindano ya semaglutidi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha upungufu wa wastani wa karibu asilimia 15, lakini katika wiki 68. Ni kama asilimia 0.2 kwa wiki. Anayekuuzia kilo 10 kwa mwezi kwa majani ya kuchemsha anakuahidi kasi ambayo dawa zinazoandikwa na madaktari hazina.

Hatua ya 8: Rekebisha, lakini usikimbilie

Wastani ukisimama wiki moja, usiguse kitu. Ukisimama wiki tatu au nne na kiuno nacho hakijabadilika, rudi kwanza kwenye vipimo vya chakula: vijiko vya mafuta vimeongezeka, kuonjaonja wakati wa kupika kumeanza tena, mwisho wa wiki umekuwa mrefu. Mara nyingi jibu liko hapo. Kama hakuna, rudia hesabu ya hatua ya 4 kwa uzito wako wa sasa, kisha punguza kalori 100 au 150, au ongeza dakika 20 za kutembea kwa siku. Usifanye yote kwa pamoja.

Upande wa pili, punguza kasi mara moja ukiona haya: kupungua zaidi ya asilimia 1 kwa wiki baada ya wiki mbili za mwanzo, kizunguzungu ukisimama, baridi isiyoeleweka, nguvu kushuka kila mazoezi, hedhi kuruka, kuwaza chakula kutwa nzima, au kula kwa pupa usiku baada ya kujinyima mchana. Nywele kunyonyoka kwa wingi huja miezi miwili au mitatu baada ya kujinyima, hivyo wengi hawaunganishi mambo hayo mawili. Ongeza kalori 200 hadi 300 na protini, kaa hapo wiki mbili, uone. Moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, kuzimia, au maumivu ya kifua ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya kila wiki 8 hadi 12, ningependa uchukue wiki mbili za kula kiasi cha kushikilia uzito tu. Zinapumzisha akili, na zinakufundisha kazi utakayoifanya baadaye.

Neno moja kuhusu vidonge na chai za kupunguza uzito. Zinazoharisha na zinazokojoza huondoa maji, mafuta yanabaki palepale, na potasiamu inayopotea inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini wakaguzi wa dawa wameendelea kuikuta ikiwa imechanganywa kwa siri kwenye bidhaa zinazoitwa za asili. Kama kitu kinakata njaa ghafla na mdomo unakauka, acha na mpelekee daktari pakiti yake.

Hatua ya 9: Ukifika, badili kazi

Ukifikia asilimia 5 au 7 ya kwanza, usianze papo hapo kufukuza nyingine. Shikilia miezi miwili au mitatu. Rudisha kalori kidogo kidogo, 100 kila wiki, hadi wastani usimame. Usitarajie kurudi kwenye sahani ya zamani. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa mwanzo.

Marekani ina sajili iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Njia walizopunguzia zinatofautiana sana, lakini katika kushikilia wanafanana: wengi hujipima angalau mara moja kwa wiki, na hutembea au kufanya mazoezi kwa wastani wa karibu saa moja kwa siku. Hilo ni zaidi ya dakika 150 za kupunguzia, kwa hiyo ongeza mazoezi taratibu katika kipindi hiki badala ya kuyapunguza.

Jiwekee mpaka wa kilo 2 juu ya uzito uliofikia. Wastani wa wiki ukiuvuka kwa wiki mbili mfululizo, rudi hatua ya 4 kwa upungufu wa kalori 300 hadi ushuke tena chini ya mpaka. Ukikaa chini yake miezi mitatu na vipimo vya presha, sukari au kiuno bado vinahitaji kuboreshwa, weka asilimia 5 nyingine, safari hii ukihesabu kutoka uzito wako mpya na kwa kasi ndogo kuliko ya mwanzo.